Kila Kichaka na Mfuko Wake: Safari ya Mireteni kutoka Marseille hadi Lautaret

Jumatatu. Miamba ya Calanques, mashariki mwa Marseille, kusini mwa Ufaransa

Mwalimu haanzi kamwe na kile tulichokifuata. Anataka kwanza auone ukoo. Ndiyo maana leo, badala ya kupanda milimani moja kwa moja, tumetembea tangu alfajiri juu ya chokaa nyeupe inayoshuka hadi baharini, tukiwatazama jamaa wawili wa mreteni wanaolimudu jua la huku: Juniperus phoenicea, yenye majani madogo ya magamba yaliyolalia kijiti, na Juniperus oxycedrus, yenye sindano kali zinazochoma hata kupitia suruali. Mreteni wa kawaida, Juniperus communis, ambao ndio shabaha yetu, huku chini hauonekani. Huo tutaukuta tukishaanza kupanda.

Kwa msomaji ambaye ukoo huu ni mgeni kwake: mireteni ni miti na vichaka vya spishi zinazokaribia 70, na karibu zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Mwangati wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, Juniperus procera, ndio pekee uliovuka ikweta wenyewe bila kupandwa na mtu. Mreteni wa kawaida nao umeenea kuliko mti mwingine wowote wenye koni: Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, kuanzia nyika za tambarare hadi juu ya mpaka wa misitu. Mmea uliotawanyika kiasi hicho una nafasi kubwa ya kutofautiana, na tofauti zake za ndani hazionekani kwa macho. Zimo katika mafuta ya kunukia yaliyofungwa ndani ya sindano.

Hapa hatujakata hata kijiti. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2012, na sampuli za ulinganisho tutazipata kesho nje ya mipaka yake, kwa idhini ya mwenye ardhi. Tumetumia muda wetu kujifunza kutofautisha. Ukiligeuza jani la sindano la oxycedrus, upande wa ndani unaonyesha mistari miwili myeupe. La mreteni wa kawaida lina mstari mmoja tu. Mistari hiyo ndiko vinyweleo vya kupumulia vilikopangwa, vimefunikwa kwa nta. Ni alama ndogo, lakini anayechuma bila kuitazama atajaza gunia la spishi mbili na kuliita jina moja.

Jioni Mwalimu amegawa kazi. Amri yake ni moja na ameirudia mara kadhaa: "Mwanangu, kila kichaka na mfuko wake. Usichanganye hata viwili." Nimejibu, "Sawa, Mwalimu." Moyoni nafahamu kwamba amri hiyo inaongeza kazi mara nyingi, kwa kuwa tungeweza kujaza gunia moja kwa kila mlima na kumaliza mapema. Lakini gunia moja lingeua swali lenyewe tulilokuja nalo: je, mafuta ya sindano hutofautiana kati ya mlima na mlima, au kati ya kichaka na kichaka?

Jumanne. Vichaka vya Var

Siku fupi. Tumeingia bara kidogo kutoka Toulon, tukapata sampuli za oxycedrus na phoenicea, tukazipa namba na kuziweka kwenye boksi la barafu.

Njiani tumeonyeshwa mabaki ya tanuri ya mawe iliyokuwa ikitoa mafuta ya kade. Nayaandika hapa kwa sababu watu huyachanganya na mafuta tunayoyatafuta, na hayahusiani kabisa. Mafuta ya kade hutoka kwenye mti wenyewe, yaani vipande vya shina na mizizi ya oxycedrus vilivyofungiwa tanurini na kuchomwa kwa joto kali bila hewa ya kutosha, hadi kimiminika cheusi kizito kinapotiririka chini. Hiyo ni lami ya mti, yenye harufu ya moshi. Mafuta ya sindano hutolewa kwa mvuke wa maji, hayana rangi au ni ya njano hafifu, na yanapita kama maji mepesi. Anayesema "mafuta ya mreteni" bila kutaja ni ya sindano, ya vitunda au ya kuni, hajasema kitu bado.

Jumatano. Mont Ventoux

Leo ndipo kazi imeanza hasa.

Ventoux una mita 1,910 na umesimama peke yake, hivyo mtu akiupanda anapita ngazi zote za hali ya hewa kwa siku moja. Chini kuna mialoni ya kijani, juu yake mierezi ya Atlas iliyopandwa tangu miaka ya 1860 ili kuuvisha tena mlima uliokuwa umenyolewa na mbuzi na shoka, kisha misonobari, na mwisho kokoto tupu za chokaa ambazo kwa mbali mtu hudhani ni theluji. Mreteni wa kawaida unafuatana nasi karibu njia nzima. Chini umesimama wima na kufika kimo cha mtu au zaidi. Kadiri tunavyopanda unainama, na karibu na kilele umelala kabisa juu ya mawe. Hiyo ni aina ya mlimani, sindano zake fupi, zimepinda kidogo na kubanana, na mstari wake mweupe ni mpana zaidi.

Tumefanya kazi kwa utaratibu huu. Tunachagua vichaka vilivyoachana vya kutosha ili tusikate matawi mawili ya mmea mmoja, maana tawi lililolala huweza kuota mizizi na kuonekana kama kichaka kipya. Tunaandika jinsia, kwa sababu mreteni una miti dume na miti jike: jike hubeba vitunda, vya mwaka huu vikiwa vya kijani na vilivyokomaa vikiwa vya buluu iliyofifia, vyote kwenye tawi moja. Tunakata vijiti vya upande uleule wa jua, kimo kilekile, kabla ya saa sita mchana. Vitunda tunaviondoa papo hapo. Hilo la mwisho ni muhimu sana, kwa kuwa kitunda kina mafuta yake yenye uwiano wake, na vichache tu vikiingia kwenye sindano vitasukuma hesabu upande mwingine.

Halafu tunanusa. Sindano ya mreteni ina mfereji mmoja tu wa utomvu, uliopita chini ya mshipa kwa urefu. Ukiivunja katikati mfereji unafunguka na harufu inatoka yote kwa mara moja. Vichaka vingi vimetoa harufu niliyoitarajia, ya msonobari, kavu na safi, ambayo ni alfa-pineni. Lakini kwenye mteremko mmoja wa mwinuko wa kati nimevunja sindano ya kichaka kimoja, kisha ya jirani yake aliye umbali wa hatua chache, nikasita. Huyu wa pili alikuwa na kitu cha viungo ndani yake, karibu na pilipili manga. Udongo uleule, mvua ileile, jua lilelile. Nimemwita Mwalimu. Amefumba macho, amenusa kimoja, akanusa cha pili, akarudia. "Sabineni," amesema. "Andika unachonusa, lakini usiandike jina la kemikali mpaka chati itusemee."

Nimeandika "kama pilipili manga" na namba ya kichaka.

Usiku, kwenye chumba cha wageni, nimemwuliza hilo linawezekanaje. Jibu lake nalinakili karibu lote, kwa sababu ndilo linaloshikilia safari nzima.

Alfa-pineni, sabineni, limoneni, mirseni, delta-3-kareni: zote zina kaboni 10 na hidrojeni 16. Uzito ni mmoja, mpangilio ndio tofauti. Mmea huzijenga kwa vipande vya kaboni tano tano, kanuni ambayo Leopold Ružička aliijenga juu ya kazi ya Otto Wallach. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya kemia, Wallach mwaka 1910 na Ružička mwaka 1939. Vipande viwili vikiungana hupatikana mnyororo wa kaboni 10. Hapo vimeng'enya hushika mnyororo huo, huung'oa mkia wake wa fosfati, na molekuli iliyobaki na chaji chanya hujikunja yenyewe kuwa pete. Pete hiyo ndiyo njia panda. Ikifunga daraja upande mmoja, inatoka pineni. Hidrojeni moja ikihama kwanza kabla ya daraja kufungwa, inatoka sabineni. Umbo la kimeng'enya ndilo linaloamua, na kimeng'enya kinatokana na jeni ambazo kila mti umerithi kwa wazazi wake wawili. Kwa mmea ambao jike lazima lipokee chavua ya dume mwingine kwa upepo, watoto wa kilima kimoja huchanganya urithi kila kizazi. Kwa hiyo majirani wawili kutofanana si ajabu. Cha kushangaza kingekuwa kilima kizima kufanana.

Alhamisi. Mvua, chini ya Ventoux

Mvua haijakatika tangu usiku. Mwalimu amesema heri, maana sindano za Jumatano zisingojee. Sindano zikikaa kwenye joto hupoteza kwanza zile molekuli nyepesi, na mtu anayekeneka, yaani anayetoa mafuta kwa mvuke, kutoka sindano zilizokauka ovyo anapima alichoachiwa na hewa.

Tumefunga mtambo mezani. Kifaa chenyewe kinaitwa cha Clevenger, kwa jina la mkemia Mmarekani Joseph Clevenger aliyekieleza mwaka 1928, na hadi leo hakijabadilika sana: chupa ya duara yenye maji na sindano, shingo ya kupandisha mvuke, bomba la kupozea, na mrija mwembamba wenye alama ambamo mafuta huelea juu ya maji huku maji yakirudi kwenye chupa. Alfa-pineni peke yake huchemka kwa nyuzi 156, sabineni kwa 164, limoneni kwa 176. Lakini pamoja na maji zinapanda chini ya nyuzi 100, kwa kuwa kila kimoja kinachangia shinikizo lake la mvuke. Ndivyo harufu inavyotolewa bila kuunguzwa.

Nilikaa nikitazama mrija. Matone ya mwanzo yanakuja haraka na ni mepesi, yamejaa zile za kaboni 10. Zile za kaboni 15, kama germakreni D na beta-kariofileni, zinachelewa. Anayezima moto mapema anapata mafuta yanayoonekana tajiri wa pineni, wakati mti haukubadilika, ni saa iliyobadilika. Kwa sababu hiyo sampuli zetu zote zinapewa muda uleule, kuanzia tone la kwanza na si kuanzia kuwasha moto.

Lipo jambo zito kuliko muda, na kwangu ndilo lililoifanya siku hii ya mvua kuwa na thamani kuliko siku nyingine yoyote ya safari. Sabineni haistahimili asidi. Pete yake ndogo ya pembetatu imebanwa sana, na maji ya moto yenye asidi huifungua. Inageuka kuwa terpineni-4-oli, alfa-terpineni na gama-terpineni. Na asidi hiyo haihitaji kuongezwa na mtu, kwa kuwa sindano zenyewe huitoa zikichemshwa ndani ya maji. Koedam na Looman walilichunguza hilo mwaka 1980 wakitumia Juniperus sabina, wakaonyesha kwamba uchachu wa maji wakati wa kukeneka hubadilisha mafuta yanayopatikana. Fikiria maana yake kwa mtafiti. Vichaka viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kimechemshwa ndani ya maji kwa muda mrefu, kingine kimepitishiwa mvuke haraka, vitatoa chati mbili tofauti. Atakayezisoma atadhani amegundua aina mbili za mreteni, kumbe amegundua aina mbili za majiko.

Kwa hiyo tumefanya mambo mawili. Maji ya kila chupa tumeyapima uchachu mwanzo na mwisho na kuandika. Pia kutoka kila mfuko tumetenga sindano chache, tukazilowesha kwenye heksani, kiyeyusho cha mafuta, bila moto wowote. Zile za heksani hazitatoa mafuta ya kuuza, lakini zitatuambia sindano ilikuwa na nini kabla hatujaigusa kwa joto. Ikiwa terpineni-4-oli ni nyingi kwenye mafuta na haipo kwenye heksani, tunajua ilizaliwa chupani.

Mafuta tuliyopata ni kidogo sana. Kwa kawaida sindano hutoa chini ya asilimia moja ya uzito wake. Tumeyakausha kwa salfati ya sodiamu, tukayafunga kwenye vichupa vya kahawia, tukajaza hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, kwa sababu oksijeni huigeuza alfa-pineni polepole kuwa verbenoli na verbenoni. Kisha barafu.

Ijumaa. Bonde la Durance hadi Saint-Crépin

Tumeufuata mto Durance kwenda juu: Sisteron, ziwa la bwawa la Serre-Ponçon, halafu bonde linabana na kuwa kavu. Milima ya pande zote inazuia mvua, na ukame huo ndio uliowahifadhi wageni tuliokuja kuwaona.

Juu ya kijiji cha Saint-Crépin kuna msitu mwepesi wa Juniperus thurifera, mti ambao makazi yake makubwa ni Hispania na milima ya Atlas huko Moroko. Huku Alps umebaki mafungu mafungu kwenye miteremko inayopata jua. Mashina yamejinyonga, mengine yana uwazi ndani ambamo mtu angeweza kusimama, na bado juu yana majani mabichi. Hatukukata kitu. Nilisimama pale muda mrefu nikifikiria kwamba kila tofauti ya kikemia tunayoipima mezani ni historia ya namna hii: kundi la miti limetengwa na wenzake, jeni chache zimebaki, nyingine zimepotea.

Robert Adams wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, alitumia miongo mingi akikusanya mafuta ya majani ya mireteni ya dunia nzima na kuyaweka kando ya vinasaba vyao. Mwaka 2004 aliitenga Juniperus deltoides kuwa spishi yake, miti ya mashariki mwa Mediterania ambayo wote tuliikuta vitabuni ikiitwa oxycedrus. Kwa macho zinakaribiana sana. Mafuta yalisema hapana, vinasaba vikakubali. Mimi kwa hilo nimeshawishika kwamba mafuta ya kunukia si pambo la mmea. Ni ushahidi, mradi umechukuliwa kwa uangalifu.

Mteremko huohuo wa bonde una jamaa mwingine ambaye lazima atajwe kwa tahadhari: Juniperus sabina, kichaka kilicholala, majani ya magamba, harufu kali isiyopendeza. Kina sabineni nyingi, lakini hatari yake ni asetati ya sabinili. Ni sumu, na inajulikana tangu zamani kwa kuharibu mimba. Majani machanga ya sabina yanaweza kuwa na umbo la sindano, na kwa mchumaji mwenye haraka yanafanana na ya mreteni wa kawaida. Ningependa kila anayekeneka sindano za porini ajifunze kukitambua kichaka hiki kabla hajajifunza kuwasha jiko. Alama ya haraka ni kukata kijiti na kukiangalia chote kuanzia shina hadi ncha: mreteni wa kawaida una sindano tupu, zimepangwa tatu tatu kuzunguka kijiti, na hauna magamba popote.

Jumamosi. Col du Lautaret, njia ya kupita juu ya milima ya Alps

Mita 2,058. Upepo wa baridi, majani ya nyasi yamekwisha kuwa ya rangi ya shaba, na mireteni midogo imelala juu ya mawe ikifuata umbo la ardhi. Tumechuma upande wa nje ya bustani ya mimea ya milimani iliyoanzishwa hapa mwaka 1899, kwa idhini, tukitumia utaratibu uleule wa Ventoux.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukimbilia jibu. Wanachuma chini, wanachuma juu, wanakuta mafuta tofauti, wanaandika kwamba mwinuko umebadilisha mafuta. Sababu za kuaminika haziwezi kukosekana: mionzi ya jua ni mikali zaidi, usiku ni baridi, msimu wa kukua ni mfupi. Lakini kichaka cha juu hakitofautiani na cha chini kwa mwinuko peke yake. Ni cha aina nyingine, ile ya mlimani, kina wazazi wengine, udongo mwingine, na sindano zake zina umri mwingine, kwani mreteni hukaa na sindano zake kwa miaka kadhaa, na msimu mfupi hubadilisha uwiano wa changa na kongwe. Kuyatenga hayo kwa kuchuma tu haiwezekani.

Njia ya kuyatenga ipo, nayo ni ya subira. Unachukua vipandikizi vya vichaka vya chini na vya juu, unavipanda pamoja katika bustani moja, unangoja miaka, ndipo unapima. Tofauti iliyobaki baada ya kuishi udongo mmoja na hewa moja ni ya urithi. Iliyofutika ilikuwa ya mahali. Tumesimama nje ya bustani ya miaka zaidi ya mia moja tukizungumzia jambo hilo, na Mwalimu amesema, kwa sauti ambayo nimeisikia kwake mara chache, kwamba kazi hiyo angependa niianze mimi, kwa kuwa yeye umri wake haumruhusu kuingoja.

"Vipandikizi vya mreteni huota taratibu, mwanangu."

"Nitaanza navyo vuli hii, Mwalimu."

Tumekata vijiti vya ziada kutoka vichaka vilevile tulivyovichuma, tumevifunga kwenye kitambaa chenye maji, na kuviweka namba zilezile.

Jumapili. Kushuka Grenoble

Safari na kupanga vichupa. Mikono yangu yote imejaa vipele vya sindano.

Jumatatu na Jumanne. Maabara

Kromatografia ya gesi imetumika kwa kazi kama hii tangu James na Martin walipoichapisha mwaka 1952, na ukiielewa, nusu ya migogoro ya maandishi ya mafuta inaeleweka. Tone dogo linavukizwa na kusukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba wenye urefu wa mita 30 uliopakwa utando ndani. Joto linapanda kutoka nyuzi 60 hadi 240, nyuzi tatu kila dakika, yaani saa nzima kwa kila sampuli. Kila molekuli inashikwa na utando kwa kiasi chake, hivyo zinatoka kwa zamu, na kila inayotoka inachora kilele kwenye chati. Ili muda huo ulinganishike kati ya maabara na maabara, hutumika kipimo alichokianzisha Ervin Kováts mwaka 1958: unaweka kando mnyororo wa kaboni tisa na kuuita 900, wa kumi 1000, na kila molekuli unaipa namba yake kati ya hizo. Alfa-pineni huangukia kwenye namba za 930 na kitu. Sabineni na beta-pineni hufuata karibu sana kimoja na kingine, kwenye namba za 970 na kitu.

Tatizo ni pale namba zinapogongana. Limoneni na beta-felandreni, kwenye utando wa kawaida usio na ncha za umeme, hutoka karibu pamoja na kuchora kilele kimoja. Spektrometa ya masi, kifaa kinachopima uzito wa molekuli, husaidia, lakini zote zina uzito wa 136. Mwalimu amesisitiza kila sampuli ipitishwe tena kwenye mrija wa pili, wenye utando wa aina nyingine, ambapo viwili hivyo huachana. Nimeona kwa macho yangu kilele ambacho Jumatatu ningekiandika limoneni, Jumanne kikigawanyika, na sehemu kubwa ikawa beta-felandreni. Ninaposoma sasa jedwali la mafuta ya mreteni linalodai limoneni nyingi, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kama mrija ulikuwa mmoja au miwili.

Kisha tukazifungua chati za Ventoux.

Kichaka nilichokiandikia "kama pilipili manga" kina kilele cha sabineni kinachokaribia kimo cha alfa-pineni. Jirani yake ana kinundu tu pale sabineni inapopaswa kuwa. Sampuli za heksani zinasema vilevile, kwa hiyo haikuwa kazi ya jiko. Tumeendelea kufungua, na mteremko mzima umegawanyika namna hiyo: vichaka vya pineni tupu, na vichaka vya pineni na sabineni, vimechanganyika bila mpaka. Chati za Lautaret zina makundi yaleyale mawili. Hakukuwa na "mafuta ya Ventoux" na "mafuta ya Lautaret". Tofauti kubwa haikuwa kati ya milima bali kati ya majirani.

Nilimwomba Mwalimu tufanye hesabu ya wastani wa Ventoux, nione tu. Wastani ukatoka na sabineni ya kiasi, si nyingi si kidogo. Tukatafuta kichaka chenye kiasi hicho kati ya vyote tulivyochuma mteremko ule. Hakuna. Gunia moja lililochanganywa lingetupa kwa usahihi mkubwa vipimo vya mreteni usioota popote pale mlimani.

Hili lina uzito nje ya maabara pia. Kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Ulaya huweka mipaka ya mafuta ya vitunda vya mreteni: alfa-pineni kati ya asilimia 20 na 50, sabineni isiyozidi 20, limoneni kati ya 2 na 12. Mipaka imeachwa mipana hivyo kwa sababu mmea wenyewe ni mpana. Na hiyo ni ya vitunda. Mafuta ya sindano hayapaswi kupimwa kwa mipaka hiyo, na kichupa kilichoandikwa jina la mmea na la nchi peke yake hakimwambii mnunuzi harufu gani itatoka, wala mtafiti wa vijidudu ni molekuli gani hasa aliyoijaribu.

Jedwali letu kwa hiyo litakuwa na mstari mmoja kwa kila kichaka, bila safu ya wastani: mwinuko, jinsia, saa ya kuchuma, muda wa kukeneka, uchachu wa maji mwanzo na mwisho, mirija iliyotumika. Vipandikizi vimeingia kwenye mchanga wenye unyevu leo mchana, vya sabineni na vya pineni vikiwa sanduku moja, na vile vichaka viwili vya Ventoux vimefungwa vibati vya alumini vyenye namba, maana Februari tunarudi kuchuma sindano zake tena zikiwa chini ya theluji, kuona ni kipi kati ya vilele vile hubaki mahali pake majira yakibadilika.